Kope za Mwali

Niliapa sitalia. Nalisema hili mapema ili mnielewe, maana watu wa Ntobeye, huko Ngara, hadi leo wanasema mimi ndiye mwali aliyelia kuliko wote walioletwa kijijini kwao. Uongo mtupu. Siku naondoka kwetu Biharamulo, kwa Wasubi, shangazi zangu walinifinya mapaja chini ya kitenge ili machozi yatoke, kwa sababu binti anayeolewa macho makavu anawaaibisha wazazi. Watu watasema alikuwa anashinda njaa, ndiyo maana anakimbilia kwa wengine. Nikauma meno. Nilikuwa na hasira na baba aliyepokea posa bila kuniuliza, nikajiambia, wamechukua vyote, machozi siwapi. Nikapanda kwenye pikapu ya kukodi nimekaza uso. Shangazi mmoja akasema, "Huyu ana moyo wa jiwe." Nikamjibu kimoyomoyo, heri jiwe.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Kambi ya Lukole ilikuwa imejaa Warundi, na barabara ya kutoka kwetu kwenda Ngara ilipita katikati ya msitu ambao hakuna gari lililothubutu kuuvuka peke yake kwa kuogopa majambazi. Magari yalisubiriana, yakapewa polisi wenye bunduki, kisha yakaondoka kwa msafara yakilishana vumbi. Pikapu yetu ilikuwa ya mwisho. Nilifika Ntobeye kope zimekuwa nzito kwa vumbi, nikafunikwa shuka jeupe, nikaingizwa chumbani, mlango ukarudishwa.

Huko bi harusi hatoki. Anakaa ndani, hapiki, hafagii, jua halimwoni, mpaka siku ya kutolewa nje, ambapo watu wa kwao wanakuja, rubisi, pombe ya ndizi, inanywewa, na shuka linaondolewa kichwani mbele ya wote. Kabla ya hapo yeye ni mwali, na mwali ni wa kufichwa. Wenzangu wananiambia walinenepa, walikunywa maziwa na kulala. Mimi siku yangu ya kutolewa ilikuwa inasogezwa mbele kila mara. Mara ndizi za rubisi hazijatosha, maana ndizi zote zilikuwa zinakimbilia sokoni kambini. Mara habari zinafika kwamba msafara umesitishwa na mama yangu hawezi kuvuka msitu. Nikabaki humo ndani kama kuku aliyefunikwa tenga.

Na chumba chenyewe, jamani! Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na jiko, na ukuta haukufika juu. Dirisha lilikuwa moja, dogo, limezibwa gunia ili nisichunguliwe. Kuni nzuri zilikuwa zimekwisha. Watu walikuwa wamekata miti ya vilima vile mpaka wakaanza kuchimba visiki, wakimbizi na wenyeji pamoja, maana wote tulikuwa tunakula vitu vilivyopikwa. Mama mkwe wangu alipikia matawi mabichi ya mkaratusi na mabua. Moshi ulipanda, ukapita juu ya ukuta, ukashukia kwangu, ukakaa.

Asubuhi ya kwanza niliamka nikadhani bado ni giza. Kumbe kumekucha, ila kope zimegandamana. Nikazilowesha kwa mate, nikavuta kwa vidole, zikaachana huku nywele mbili tatu za kope zikibaki mkononi. Kingo zilikuwa zimevimba na kuwasha, na pale nywele zinapoota kulikuwa na vitu kama pumba za mahindi. Nilihisi mchanga ndani ya jicho kila nilipopepesa. Na machozi yakawa yanatoka yenyewe, yanatiririka bila hata kuomba ruhusa.

Mama mkwe aliingia na kikombe cha maziwa, akainua ncha ya shuka, akaniona. Uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Mwari wetu amefundwa!" akasema. Alikuwa mtu wa kuchanganya ra na la, kama wengi wa huko. "Ameria mpaka kope zimevimba!"

"Shikamoo mama. Silii. Ni macho."

"Marahaba mwanangu. Ni macho ndiyo. Kwani watu wanaria kwa magoti?"

Akatoka akicheka, na nikamsikia anawatangazia majirani njiani. Wanawake wakapiga vigelegele. Yaani nilikuwa nimewanyima watu wangu machozi, wageni wakayapata bure, tena kwa sifa! Nilikasirika mpaka nikapiga godoro ngumi.

Sifa hizo hazikudumu. Mwali anatakiwa alie, lakini alie kwa kiasi, kama chumvi kwenye mboga. Wiki ikapita, ya pili ikaingia, na kila aliyeinua shuka alinikuta macho mekundu na mashavu yana michirizi. Wanawake walioniita binti wa watu wakaanza kunitazama haraka na kushusha shuka. Mume wangu alikuwa mlinzi wa ghala kambini, anakuja mwisho wa juma. Alikuwa kijana mpole, mrefu, ambaye bado hatukuwa tumezoeana naye hata kidogo. Aliketi ukingoni mwa kitanda akitazama mlango.

"Bado unalia," akasema.

"Silii."

"Nakuona."

"Unaona maji. Macho yanauma."

Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayekanyaga matope, "Kuna mtu ulimwacha huko kwenu?"

Hakukuwa na mtu. Ningekuwa naye ningekuwa nimetoroka zamani, mimi nijuavyo nafsi yangu. Lakini ukimwambia mtu hapana huku machozi yanakushuka mpaka kidevuni, atakuamini vipi? Macho hayana pazia, wanasema, na mimi hata pazia nililokuwa nalo lilikuwa linaumwa. Alirudi kazini kabla ya siku yake.

Ndipo akaja shangazi yake. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba mkwe, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, na mambo yote ya mabibi harusi katika ukoo yalipita mikononi mwake. Alinichunguza, akapaka samli kwenye kope zangu kwa kidole gumba, nene kama anapaka kikaango. Akamwita jirani anayenyonyesha, akanikamulia maziwa ya kifua machoni. Siku zilizofuata alirudia. Samli ikayeyuka, ikashika moshi na vumbi, na kila asubuhi kope zilikuwa zimeshikana kuliko jana yake. Alipoona hakuna nafuu, aliketi jikoni na mama mkwe, akasema kwa sauti ambayo alijua fika inapita juu ya ukuta.

"Mwali akilia siku za mwanzo, anawalilia wazazi wake. Akizidisha, anamlilia mtu wa nyumba hii ambaye hajafa."

Baba mkwe alikuwa na kikohozi tangu masika, na palepale, nje, akakohoa.

"Siku ya kumtoa nitamwangalia mwenyewe," shangazi akaendelea. "Kope zikiwa na maji, arudi na gari lililomleta mama yake. Sitamzika kaka yangu kwa ajili ya machozi ya Msubi."

Sasa mtaniuliza, si ndicho ulichotaka, kurudi kwenu? Ndiyo, nilitaka! Nililala nikiwaza njia ya nyumbani, kisima chetu, hata mbwa wetu mwenye upele. Lakini fikirieni. Binti aliyerudishwa kwa sababu hakupatana na mume, mwaka ukipita anaposwa tena. Binti aliyerudishwa kwa sababu machozi yake yanaita kifo, nani atamchukua? Nani atamposa mdogo wake? Hata kwetu, baba yangu akikohoa tu, mama angenitazama kope. Mbele kulikuwa na moshi, nyuma kulikuwa na jina hilo, na katikati nilikuwepo mimi na shuka langu. Niliogopa sana, na machozi yaleyale yakaendelea kushuka, wala sikuweza kuyatenganisha ili niwaonyeshe watu, haya ni ya moshi, haya ni ya hofu. Na nilikuwa nimeapa, kwa hiyo nilijiambia yote ni ya moshi.

Kilichoniokoa ni kichekesho. Mama mkwe, pamoja na yote, hakuwa mtu wa kununa. Asubuhi moja alikaa nami akanisimulia jinsi beberu la jirani lilivyoingia kanisani Jumapili, likatafuna ua la altare, na katekista alipolifukuza likasimama kwa miguu miwili kama linataka kutoa mahubiri. Aliliigiza lile beberu, midomo na ndevu na vyote. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilicheka kwa sauti ambayo mwali hatakiwi kuitoa.

Yeye akaacha kuigiza. Akawa ananitazama.

"Unacheka," akasema.

"Nacheka mama."

"Na unaria."

"Silii, mama! Tangu nije sijalia hata mara moja!"

Akasogea, akanishika kidevu, akaniinua uso kwenye mwanga kidogo uliopita kwenye gunia. Kwa mara ya kwanza hakutazama machozi, alitazama kope. Akagusa zile pumba kwa ncha ya kidole, akazisaga, akazinusa.

"Ebo," akasema taratibu. "Huyu mtoto anaumwa."

Kesho yake tulikwenda Lukole. Wakati ule wenyeji wengi tulitibiwa kambini, maana zahanati zetu zilikuwa na kuta tu na dawa zilikuwa kule. Tatizo lilikuwa mimi ni mwali, na jua halitakiwi kuniona. Mama mkwe akalimaliza tatizo hilo kwa vitenge viwili. Kimoja alinifunga kiunoni, kingine alinifunika kutoka utosini hadi magotini, akanishika mkono akaniongoza kama kipofu. Akabeba na furushi la ndizi za kuchoma. Tulitembea mpaka jua likawa kali, mimi naona vidole vyangu vya miguu na vumbi jekundu, basi. Nje nilikuwa nimetoka, lakini bado nilikuwa ndani.

Langoni pa kambi tulisimamishwa na kijana wa mapokezi.

"Shikamoo mama. Mmefika lini?"

"Marahaba. Reo asubuhi," akajibu mama mkwe.

"Mmetembea kwa miguu?"

"Kwa miguu. Tungepanda nini?"

"Poleni sana. Wengine wako wapi?"

"Wamebaki nyumbani."

Kijana akashusha sauti. "Na huyu binti?"

"Anaria toka afike," mama mkwe akasema. "Hanyamazi."

Yule kijana hakuuliza tena. Alitupeleka kwa heshima kubwa kwenye banda la turubai, akatuketisha kwenye benchi, na mtu mwingine akaja akatuwekea mapajani blanketi la kijivu na pakiti ya biskuti. Mama mkwe akafurahi. Akaninong'oneza kwamba hospitali hii inajua kupokea watu.

Hatukuwa hospitalini. Tulikuwa tumewekwa pamoja na Warundi waliovuka mpaka usiku uliopita. Kihangaza cha mama mkwe kiko karibu sana na Kirundi, na mimi mwenyewe nilikuwa kitenge tupu kinachotoa machozi. Nani angetutofautisha?

Nililijua hilo pale mwanamke aliyeketi kando yangu alipoingiza mkono wake chini ya kitenge changu akaushika wangu. Mkono wake ulikuwa na mikwaruzo mibichi. Aliongea Kirundi, na Msubi hahitaji mkalimani kukielewa.

"Lia, mwanangu," akasema. "Wewe unaweza. Mimi yangu yamekataa kutoka tangu mtoni."

Machozi yangu ya moshi na samli yalikuwa yanadondoka, yanadondokea mkono wake.

"Umewaacha wangapi?" akauliza.

Mnajua, nimewahi kuulizwa maswali magumu maishani, mbele ya wazee, mbele ya padre. Hakuna lililonibana kama lile. Nilitaka kusema mama, mimi sikumpoteza mtu, ni kope tu. Nilijiona mwizi, nimekaa kwenye benchi la watu na machozi yasiyo na maiti. Na nikaona aibu kwamba nilikuwa nimewanyima watu machozi yangu kwa makusudi, wakati huyu anayatafuta yake hayaoni. Nikambana mkono tu. Yeye akaubana wangu, akadhani nimemjibu.

Mambo yakafichuka alipokuja karani wa kambi kutuuliza tumetoka mkoa gani wa Burundi. Mama mkwe akasimama kama amekalia siafu.

"Burundi? Mimi? Mimi ni mtu wa Ntobeye! Nimebatizwa hapa, nimeorewa hapa! Nimekuja na mwari wangu, kope zinamuuma, nyie mnanipa blanketi!"

Watu wakageuka. Kuna waliocheka, hata pale. Kijana wa mapokezi akaomba radhi sana. Mama mkwe akalikunja blanketi lake na langu, akasita, kisha akamwekea yule mwanamke mapajani, pamoja na biskuti, pamoja na zile ndizi zetu za kuchoma. Alimtazama usoni. Kisha akanishika mkono tukatoka. Njiani kuelekea hospitalini alikuwa anajisemesha peke yake, "Mungu wangu, Mungu wangu."

Daktari alikuwa mama wa Kihaya mwenye miwani, mchovu, na vidole vya baridi. Alinifunua bila kuuliza habari za mwali wala shuka. Alipindua kope zangu ndani nje, akatazama kwa tochi.

"Si vikope," akamwambia mama mkwe, "vile vinavyopofusha. Wala hawezi kumwambukiza mtu. Jicho lenyewe ni zima kabisa. Inayoumwa ni kope, hapa ukingoni."

Akaeleza kwamba kwenye ukingo wa kope kuna vitundu vidogo sana vinavyotoa mafuta ya kulainisha jicho. Mafuta yakiganda, vitundu vinaziba, ukingo unavimba, magamba yanaota, na jicho linakosa mafuta yake, ndiyo maana linamwaga maji ovyo likijaribu kujiosha. Moshi na vumbi vinazidisha. Kujikuna kunazidisha.

"Ariwekewa samri," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo.

"Msirudie. Wala maziwa ya mtu. Ila samli unaijua, mama? Ikiganda kwenye chupa unafanyaje ili itoke?"

"Naweka chupa kwenye maji ya moto."

"Basi na kope ni hivyohivyo."

Nilimwona mama mkwe anaelewa. Uso wake wote ulielewa. Daktari akamwonyesha: maji yachemshwe, yaachwe mpaka mkono uvumilie, kitambaa safi kichovywe, kikamuliwe, kiwekwe juu ya macho yaliyofungwa, na kikipoa kichovywe tena. Baada ya hapo kope zikandwe taratibu kuelekea kwenye nywele, magamba yafutwe kwa ncha ya kitambaa, kila jicho na ncha yake. Asubuhi na jioni. Akatupa na tyubu ndogo ya dawa ya kupaka ukingoni.

"Nishikirie kitambaa muda gani? Saa sina."

Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Unasali rozari, mama?"

"Kira siku."

"Fungu moja, zile Salamu Maria kumi. Usiharakishe." Kisha akanigeukia mimi. "Na usidhani utapona ukasahau. Ugonjwa huu hutulia, halafu hurudi. Unautunza tu, maisha yako yote."

Tulirudi. Na sasa sikilizeni alichofanya yule mama. Desturi haikuruhusu nihamishwe chumba kabla ya kutolewa. Basi alihamisha jiko. Aling'oa mafiga yake kwa mikono yake, akayatoa nje, akayapanga chini ya kibanda cha majani ya migomba alichokisimamisha jioni hiyohiyo. Shangazi alipofika na kukuta shimo la majivu pale mafiga yalipokuwa, alipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia.

"Mafiga yanahamishwa kwa ajili ya mwali? Nyumba hii imepata bibi mpya?"

"Yamehama kwa sababu ya moshi, wifi," mama mkwe akajibu akiendelea kukoroga. "Ukitaka kukaa na moshi, njoo, upo huku wote."

Ilinyesha siku zile. Nilimsikia nje, anapuliza mabua yaliyolowa, anakohoa yeye sasa badala yangu. Asubuhi na jioni aliingia na bakuli, mikono ikinuka majivu, akaniambia nilale chali. "Funga macho." Kitambaa cha moto kikatua, na Salamu Maria zikaanza, polepole, kwa Kihangaza. Nilikuwa bado mfungwa mle ndani, lakini kwa muda wa fungu moja nilitamani asifike mwisho. Pumba zikapungua. Asubuhi moja macho yakafunguka yenyewe, bila mate, bila vidole, nikaona gunia la dirishani na kila uzi wake.

Siku ya kutolewa ikafika. Mama yangu alifaulu kuvuka msitu na msafara wa asubuhi, naye alitakiwa kurudi na wa alasiri, maana baada ya hapo hakuna gari. Uwanja ulijaa watu. Niliketishwa kwenye mkeka, shuka likaondolewa, na jua likanipiga usoni kama kofi. Nilijisemea, msitoe maji, kope zangu, nawaombeni, msitoe.

Shangazi akainama mbele yangu. Alipitisha kidole chini ya jicho la kulia, akapitisha chini ya la kushoto, akakipeleka mdomoni akakilamba, anatafuta chumvi.

"Hamna," akasema. Alionekana kama amedanganywa kwenye mizani. "Makavu."

Vigelegele vikapasuka. Mume wangu, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya wajomba zake, akatabasamu kwa meno yote. Nikawagawia watu rubisi kama inavyotakiwa, nikafika kwa mama yangu, nikapiga goti, nikampa kibuyu. Hatukuwa tumeruhusiwa kuongea peke yetu. Yeye akanitazama machoni kwa muda mrefu, jicho hili, jicho lile.

"Umetulia, mwanangu," akasema. Kisha akaongeza kwa Kisubi, taratibu, mimi tu nisikie, "Mimi nilidhani utakuwa umenililia kidogo."

Palepale dereva akapiga honi. Msafara hausubiri mtu. Mama alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akaagana na watu wa kule kwa adabu zake zote, akapanda. Nikaona kitambaa chake cha kichwa kinashuka kilima, kinapotea nyuma ya migomba.

Niliingia chumbani nikajitupa kitandani, na hapo, waungwana, nililia. Kiapo kikavunjika chote. Nililia kwa ajili ya mama, kwa ajili ya swali lake, kwa ajili ya yule Mrundi na mikwaruzo yake, na kwa sababu sasa nilikuwa nimetolewa nje na kumbe nje yenyewe ilikuwa ni hapa, siku zote. Nililia kwa kwikwi. Uani nikasikia sauti ya shangazi inakaribia, "Mwali yuko wapi? Mbona amejifungia?"

Mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe na bakuli. Alinitazama mara moja tu. Akageuka akapaza sauti kuelekea uani.

"Kope zimeanza tena, wifi! Ni ule moshi wa kupikia watu! Namuosha, msiingie!"

Akaketi, akanilaza kichwa kwenye mapaja yake. Akachovya kitambaa, akakamua.

"Funga macho," akasema. "Ria sasa. Nitasari taratibu."

Alisali rozari nzima siku ile, mafungu yote.

Kope zangu kweli hurudi, kama daktari alivyosema. Huja na kiangazi na vumbi lake, nazitunza, zinatulia. Kambi ilikwishafungwa, vilima vimeota vichaka tena. Baba mkwe aliishi miaka mingi na kikohozi chake, akafa kifo chake cha uzee. Msibani mama mkwe hakulia. Alipokea watu, akahesabu sufuria, akagombana na wapishi, na shangazi, naye kashakuwa kikongwe, akasema mbele za watu kwamba wifi yake ana moyo wa jiwe.

Matanga yalipoanuliwa na uwanja ukabaki na majani yaliyokanyagwa, aliniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani upande wake uleule, hajaugusa upande wa pili.

"Mwanangu," akasema, "niretee yare maji. Kope zinanisumbua."

Nilimsogeza kwenye mwanga nikamwangalia. Kope zake zilikuwa safi, hazina uvimbe, hazina hata pumba moja. Nikafunga mlango, nikaenda kuchemsha maji.